Chokaa Isiyowaka

Swali ambalo limenilisha miaka yote hii huulizwa na wenye maghala, karibu kwa maneno yale yale: "Injinia, hii kitu inashika moto ama haishiki?" Kazi yangu ni kukadiria hatari za moto kazini, na eneo langu lilianzia Mutomo na Ikutha, Kitui Kusini, likavuka Mto Athi hadi Kibwezi, kisha likafuata barabara ya Mombasa kupitia Makindu hadi Emali. Nimekagua pamba, magodoro, dizeli, hata makasha ya viberiti. Kilichonisumbua kuliko vyote ni chokaa.

Jibu la kitabuni ni rahisi. Chokaa hai ni oksidi ya kalsiamu. Jiwe limechomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, gesi ya kaboni dioksidi ikatoka, na katika kila kilo 100 za jiwe safi zikabaki kilo 56 za kitu cheupe chenye kiu. Hakuna tena cha kuungua humo. Karatasi ya usalama inayofuatana na mzigo ina sehemu 16. Ya 9 inasema haiwaki. Wengi hufika hapo wakaikunja, na sehemu ya 10, inayoeleza chokaa hiyo ikikutana na maji, hubaki kama ilivyotoka kwa mchapaji. Hata kanuni za kimataifa za usafirishaji hazisaidii sana: Umoja wa Mataifa umeipa nambari 1910, ila huhesabiwa mzigo wa hatari ikipanda ndege tu. Kwenye lori ni mzigo kama mzigo mwingine.

Sasa, kilo moja ya chokaa hii ikishiba maji hutoa joto la kilojuli 1,150 hivi. Hilo latosha kuchemsha lita 3 za maji ya mtungini.

Kipimo cha maabara ni gramu 100 za chokaa ndani ya mililita 400 za maji, kisha unatazama kipimajoto. Chokaa mpya, iliyochomwa vizuri, hupandisha nyuzi 40 kabla hujamaliza kufunga kifuniko. Iliyokaa ikapigwa na hewa hujivuta. Nilikipenda kipimo hicho, lakini sikukiamini kwa mambo ya moto. Maji yale ni mengi, nayo hulimeza joto. Hatari iko kwenye maji machache: tundu la turubai, paa linalovuja, umande. Hapo joto hukosa pa kwenda, likapita nyuzi 100 kwa mbali, na lililo jirani, liwe ubao, gunia au marobota ya pamba, ndilo linaloungua.

Niliona hivyo Emali, mvua za Novemba zilipoanza. Ukambani hizo ndizo mvua za kutegemewa, na kila mtu hufurahi isipokuwa mwenye kubeba chokaa. Lori lilikuwa limeegeshwa usiku kucha. Pembeni mwa turubai ulitoka mvuke ambao dereva aliudhania wa kawaida baada ya mvua. Gunia la pembeni lilikuwa limevimba likapasuka mshono, kwa kuwa chokaa ikinywa maji hutanuka, na chini yake ubao wa sakafu ulikuwa mweusi, ukifuka moshi bila mwali. Utingo, kijana mwepesi, alikwisha shika mtungi wa maji.

"Wacha hayo maji, kijana!" nilimpigia kelele.

"Lakini mzee, si kunaungua?"

Tulivaa glavu na miwani, kwani vumbi lake likiingia jichoni ni balaa, tukashusha magunia makavu kwanza, tukamwaga mchanga mkavu, tukaung'oa ule ubao.

Tangu hapo ripoti zangu zilibadilika mpangilio. Kanuni za kupunguza hatari za moto za mwaka 2007 zinamtaka mwenye eneo la kazi ajipange mapema, basi nilianza na majirani wa chokaa: inalala juu ya nini, karibu na nini, paa likoje, na gari la zimamoto likifika na tangi lake, nani atamwambia kiongozi wao asielekeze mpira hapo? Chokaa yenyewe niliiandika mwisho.

Mwenye ghala mmoja upande wa Makueni alikubali yote, akabadilisha mbao kwa saruji, akahamisha marobota. Alikwama kwenye mapipa ya mchanga. Alisema bajeti haina. Nikamwonyesha mto wa msimu unaopita nyuma ya ua wake, mchanga mtupu mwezi baada ya mwezi. Akacheka, akanikumbusha kuwa kaunti ina sheria ya kulinda mchanga tangu 2015, na kwamba yeye hachoti hata debe bila karatasi. Ilibidi tukae mezani kwake tuandike barua ya maombi, tukieleza kuwa mchanga huo ni wa kuzimia kitu kisichowaka.