Umepima Mwenyewe?

Alfajiri ya siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1983, matatu ilitugomea pale Barsheba. Wanaume tukashuka, tukaisukuma hadi ikakohoa ikawaka, tukairukia. Hakuna aliyelalamika; Kisauni tulisafiri hivyo, gari likiwaka linaenda. Tukavuka daraja la Nyali, nikabadili gari mjini, nikapita Makupa na Changamwe hadi uwanja wa ndege wa Port Reitz. Huko, kwa miaka 31, kazi yangu ya ufundi ilikuwa kinyume cha hayo: kuizuia ndege yenye injini nzima kwa sababu ya taa moja iliyokataa kuzima.

Siku hizo neno "haiendi" lilikuwa zito mdomoni. Kitabu kinachoeleza hitilafu zipi zinavumilika na zipi hazivumiliki kilikuwepo, ila kilikaa mkobani kama vyombo vya wageni kabatini. Mambo yaliamuliwa chini ya bawa: kapteni, fundi, na meneja wa zamu anayetazama saa. Ndege ikichelewa, swali la kwanza lilikuwa nani kaichelewesha. Fundi kijana alijifunza upesi kusema "itafika".

Usiku mmoja, mwishoni mwa mwaka huo, kipimo cha mafuta cha tangi la bawa la kushoto kilikufa. Watalii walikuwa wamejaa ukumbini. Meneja akasema mafuta yametiwa, risiti ya lori la mafuta hii hapa. Nami nikaitikia kwa kichwa. Kapteni, mtu mzima asiye na maneno mengi, akanigeukia.

"Umepima mwenyewe, au umeambiwa?"

Nikanyamaza. Akavua koti, akachukua tochi, tukaingia chini ya bawa na kuteremsha vijiti vya kupimia kimoja baada ya kingine. Tukapiga hesabu kwa kilo, kila mtu na karatasi yake, kisha tukazilinganisha. Julai ya mwaka ule ule, nchini Kanada, ndege aina ya Boeing 767 yenye vipimo vibovu kama chetu iliishiwa mafuta angani kwa kuwa watu walichanganya ratili na kilo. Rubani aliishusha ikielea hadi chini, wote wakapona. Mafuta yetu yalitosha. Ndege iliondoka ikiwa imechelewa dakika 50, na asubuhi niliitwa ofisini kujieleza.

Mafundi wakubwa walinipoza kwa kunisimulia misiba. Aprili 1972, huko Addis Ababa, Super VC10 ya East African Airways ilikanyaga kipande cha chuma ikiwa mbioni kuruka. Tairi la mbele likapasuka, kapteni akakatisha safari, lakini breki hazikushika vya kutosha: sehemu ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya na mikono ya mafundi. Watu 43 walikufa kati ya 107. Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka ikiondoka Nairobi, wakafa 59 kati ya 157. Pale hapakuwa na kilichovunjika. Vali za hewa hazikufunguliwa, vibawa vya ukingo wa mbele vikabaki vimefungwa, na hakukuwa na kengele ya kuwaambia marubani.

Mwaka baada ya mwaka, kitabu kikatoka mkobani. Kikawa na madaraja: hitilafu ya B itengenezwe ndani ya siku 3, ya C siku 10, ya D siku 120, kifaa kibovu kibandikwe kibandiko, fundi aweke sahihi, kapteni aikubali au aikatae. Mhandisi aliyekaa nyuma ya marubani akaondoka, nafasi yake ikashikwa na kioo kinachoandika hitilafu chenyewe. Rubani msaidizi, ambaye zamani alikohoa tu akiona kosa, akafundishwa kulisema kwa sauti.

Wenzangu wengine walinung'unika kwamba ufundi umegeuka ukarani. Mimi kitabu kilinipunguzia mzigo. Zamani kusema "haiendi" kulitaka ushujaa, na ushujaa hauji kila alfajiri, hasa ukiwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Sasa nilifungua ukurasa, nikasoma, meneja akaenda kuwatangazia abiria. Kioo, hata hivyo, kilionyesha kilichoambiwa tu. Vijana niliowafundisha walilichoka swali lile la kapteni, maana niliwauliza kila zamu.

Mwaka jana, nikiwa mstaafu, nilipanda matatu Mlaleo. Breki zilikuwa zinalia chuma kwa chuma. Kabla ya daraja nikagonga bati.

"Shukisha hapa."

"Mzee, si tunafika nayo kila siku?" makanga akacheka.

Nikampa nauli yake kamili, nikateremka. Mama mmoja mwenye kapu la mboga alinitazama, akalitazama gari, naye akashuka.