Majivu, Ndimu na Chupa ya Soda

Bibi yangu, akaaye kijijini katika wilaya ya Ikungi, hana chupa hata moja ya dawa ya usafi nyumbani mwake. Hata hivyo nyumba yake ya tembe ni safi kupita nyumba nyingi za bati nilizopata kuziona mjini Singida. Nataka kuwaeleza wenzangu habari za usafi wake, kwa nini nauamini, na tena ni wapi siuamini.

Vyombo vyake husuguliwa kwa majivu na dodoki. Majivu anayoyapenda ni ya mabua ya alizeti, nayo huyaweka mbali na majivu ya kuni. Nilimwuliza sababu, akanijibu, "Haya yana makali, mjukuu wangu." Nilipofika kidato cha tatu nikaona katika somo la kemia ya kuwa bibi alisema kweli. Mabua ya alizeti yana potasi nyingi, na maji yaliyochujwa katika majivu yake ni alikali. Alikali ikikutana na mafuta huyageuza yakawa sabuni. Basi mtu asuguaye chungu chenye mafuta kwa majivu huwa anatengeneza sabuni kidogo papo hapo, pasipo kujua. Ila sufuria za alumini hazifai kusuguliwa hivyo kila siku, maana alikali huila alumini. Vyungu havina neno.

Tena kuna shida ya maji. Kwetu mvua hunyesha msimu mmoja tu, toka Novemba hadi Aprili hivi, na ifikapo Septemba ndoo moja ni safari ndefu. Sabuni ya unga yenye povu jingi hutaka kusuuzwa mara tatu. Majivu hutoka kwa maji kidogo, na bibi huyamwaga maji hayo kwenye mpapai wake.

Birika la chai hushika ukoko mweupe kwa sababu ya maji ya kisima. Bibi huchemsha humo maji yenye ndimu mbili, huliacha mpaka lipoe, na ukoko hubanduka. Ule ukoko ni wa jamii ya chokaa, na tindikali ya ndimu huuyeyusha.

Haya yote ningeyaona kuwa mambo ya wazee tu, kama si jambo lililotupata mwaka 2022. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka mitatu, alikwenda kukaa kwa mama mdogo mjini. Mama mdogo alikuwa amenunua dawa ya chooni kwa mtu apitaye nyumba kwa nyumba na mkokoteni. Dawa ilitiwa katika chupa ya soda, haina karatasi wala alama yo yote. Mtoto aliiona chini ya meza, akanywa funda moja. Jirani alitaka kumtapisha, lakini muuguzi mmoja akaaye mtaa ule alikataza kwa ukali, maana dawa iunguzayo ikipanda tena huunguza koo mara ya pili. Wakamkimbiza hospitali. Alilala huko siku kumi na moja, na kwa muda wa miezi minne alikula uji mtupu. Ameanza shule sasa, lakini sauti yake ingali ya kukwaruza. Mwuzaji simlaumu sana, naye anatafuta riziki. Lakini kutia kitu kama kile katika chupa ya soda ni kumtegea mtoto mtego.

Hapa shuleni mimi ni kiranja wa usafi. Nilipopewa kazi hiyo nilikuta wanafunzi wakichanganya dawa ya klorini na dawa kali ya chooni yenye tindikali, ati ipate nguvu zaidi. Wakikohoa na kutoka machozi husema dawa inafanya kazi! Kumbe vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo ndiyo Wajerumani waliyowafungulia askari wa upande wa Ufaransa karibu na Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Tangu siku nilipowaeleza habari hiyo ndoo ya klorini husimama peke yake.

Lakini klorini yenyewe sikuiondoa vyooni. Ndimu peke yake haitoshi kuzuia kipindupindu vyooni, wala sitaki mtu aseme kuwa majivu yametosha baada ya kutoka chooni, iwapo sabuni ipo. Hata bibi tulibishana naye juu ya kusiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe. Sakafu huwa nzuri, haina vumbi, lakini mavi huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Nilimwomba asisiribe akiwa na kidonda mkononi, na asiruhusu kamwe yaguse kitovu cha mtoto mchanga. La kwanza alilicheka, la pili alilikubali.

Adui mkubwa wa bwenini ni kunguni. Wengine waliniomba ninunue dawa ya kupuliza, nami nikakataa, kwa kuwa tunalala watu wengi katika chumba chenye madirisha madogo. Badala yake Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunatoa magodoro na kuyatandaza juu ya yale majabali yaliyo nyuma ya shule, ambayo saa saba mchana hayakanyagiki kwa mguu mtupu. Jua peke yake haliwamalizi, kwani hukimbilia upande wa kivuli. Lazima godoro ligeuzwe mara kwa mara. Vitanda vya chuma tunavimwagia maji yachemkayo katika maungio, maana ndiko wanakotaga. Wapishi walinung'unika kwa ajili ya kuni zao. Muhula huu tumezitafuta wenyewe, mzigo mmoja kwa kila bweni, na bweni letu limelala majuma matano bila kuumwa.