Vudee, darasa la mawe na maji

Kwa abiria wengi wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha, Makanya ni mahali pa kupita tu. Kuna joto, vumbi, mkonge na machimbo ya jasi, yale madini yanayochanganywa kwenye saruji. Lakini anayeinua macho mkono wa kulia huiona Milima ya Upare imesimama kama ukuta. Ukiufuata mkondo wa maji kutoka Makanya, ukapita Bangalala na kuendelea kupanda, unafika Vudee, wilayani Same.

Kila Desemba familia nyingi za Wapare hurudi nyumbani. Watoto waliokulia mjini huanza kulalamika siku ya pili: mtandao hausomi, hakuna katuni. Mzazi anaweza kuwatoa nje, maana mlima wenyewe una mengi ya kuonyesha.

Aanze na mawe. Kilimanjaro, jirani wa kaskazini, ni volkano. Milima ya Upare ni kitu kingine kabisa. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Miamba yake iligeuzwa na joto na mgandamizo chini sana ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mtoto akiona jiwe lenye mistari myeupe na myeusi, anaona alama za kupikwa huko. Vipande vinavyometameta kama kioo chembamba ni ulanga.

Kisha mchanga. Chukua sumaku ya spika mbovu, ipitishe kwenye mchanga mweusi wa kijitoni. Chembe zinazonata zina chuma. Upare wa Kaskazini, wahunzi wa zamani waliyeyusha mchanga wa aina hiyo wakapata majembe na silaha.

Baada ya hapo, maji. Wapare wa kusini wana ndiva, bwawa dogo la jadi. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi mlango unafunguliwa na mifereji inapeleka maji mashambani kwa zamu. Anayelima juu akichukua yote, wa chini analala njaa. Ndiyo maana kugawana maji kati ya Vudee na Bangalala ni suala la makubaliano, si la nguvu.

Jambo hilo liliwavuta wanafunzi wa vyuo vikuu. Katika miaka ya 2000, bonde la Makanya lilikuwa uwanja wa utafiti uliowahusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na taasisi ya elimu ya maji ya Delft, Uholanzi. Wanafunzi walipima mvua, wakapima vijito, wakachunguza maji yanavyopita ndani ya miamba. Mmoja wao, Marloes Mul, alikamilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 2009 kutokana na kazi hiyo.

Vipimo hivyo vilinasa tukio kubwa. Machi 1, 2006, Bangalala ilipata karibu milimita 100 za mvua ndani ya saa 3, huku vipimo vingine vya bonde hilohilo vikionyesha kiasi kidogo zaidi. Mafuriko yakashuka hadi tambarare na kuharibu. Mvua ya mlimani, basi, haigawiwi sawa hata kati ya vijiji jirani, na kipimo kimoja hakitoshi kuonya watu wote.

Somo hilo lina uzito wa maisha ya watu. Novemba 2009, upande wa mashariki wa milima hiyohiyo, mvua kubwa zilisababisha maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba. Watu wasiopungua 20 walipoteza maisha.

Mwanajiolojia hufundishwa kuzisoma dalili za hatari ya namna hiyo: nyufa mpya kwenye mteremko, miti iliyoanza kuinama, chemchemi inayoibuka ghafla au kubadilika rangi kuwa tope, milango ya nyumba inayoanza kukwama bila sababu. Dalili hizo hazihitaji mashine. Zinahitaji mtu aliyeelezwa, na akiziona wakati wa mvua ahamishe familia kwanza na kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha jiolojia tangu miaka ya 1970, na Dodoma kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yenye makumbusho ya mawe na madini. Vyuo hufungua mabanda Sabasaba na kwenye maonesho ya elimu ya juu pale Mnazi Mmoja. Ni vizuri, lakini anayechimba kiwanja kwenye mteremko wa Upare hayupo Mnazi Mmoja. Mwanafunzi anayekuja na nyundo, dira na daftari akiketi saa moja na wanafunzi wa shule ya msingi ya kijiji kabla ya kuondoka, atakuwa ameacha kitu kuliko alama za nyundo kwenye mwamba.

Na mzazi asimsubiri. Likizo hii, mtoto atege kopo lililonyooka pande zote, apime kwa rula kila asubuhi, aandike milimita. Awaulize babu na bibi ni wapi mlima uliwahi kuporomoka, na kwa nini wazee hawakujenga pale. Kabla ya kukata kiwanja kipya cha urithi, jibu hilo litafutwe kwanza, ndipo fundi aitwe.