Hakikisho la Kurudi

Safari ni miongoni mwa nguzo kongwe za fasihi ya Kiswahili, na katika takriban kila safari isimuliwayo kuna swali moja lililojificha chini ya matukio yote: je, msafiri atarudi? Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka wa 1951, wajumbe sita wanatumwa kwenda pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute maarifa ya kuifaa nchi yao. Wote wanarudi, na wote wanatiwa gerezani kwa kuwa wamerudi na maneno ambayo wakuu wa nchi hawapendi kuyasikia. Selim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka wa 1896, naye akarudi akaandikisha habari zake, zikachapishwa na Carl Velten mwaka wa 1901. Kurudi ndiko kunakoifanya safari iwe hadithi. Asiyerudi huwaachia wenzake uvumi tu.

Kwa watu wa pwani, swali hilo lilijibiwa kwa karne nyingi na pepo. Kaskazi ilivuma kuanzia Disemba, ikaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilipoingia, ikayarudisha yalikotoka. Nahodha hakuulizwa na mtu ushahidi wa nia yake ya kurudi kwao. Aliyechelewa aliukaa msimu mzima bandarini, akaoa pengine, akazaa, na hilo nalo halikuwa kosa. Pepo ndizo zilizokuwa mdhamini wa msafiri, na mwenyeji aliusoma udhamini huo angani.

Zama zetu zimezua utanzu ambao unalitanguliza swali la kurudi kabla ya safari yenyewe kuanza. Utanzu huo ni fomu ya maombi ya viza. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini na maana yake ni kitu kilichoonwa, yaani hati ambayo mwenye mamlaka ameitazama. Mswahili ana neno lake la zamani linalofanana nalo kwa sauti: yai viza ni yai lililoharibika, ambalo kuku alilalia siku zake zote na lisitoe kifaranga. Mfanano huo ni wa bahati tu, wala hakuna mwanaisimu atakayeujengea hoja. Hata hivyo, waombaji wengi wa mwambao wameutaja kwa kicheko wakiwa foleni, na kicheko cha foleni aghalabu hubeba maarifa.

Mmoja wa waombaji hao alikuwa mzee wa Lamu, ambaye hapa ataitwa Mwalimu tu, kama anavyoitwa na mji mzima. Amesomesha chuoni kwa zaidi ya miaka arubaini, na ni katika wachache waliobaki ambao huusoma utendi wa Kiswahili katika hati za Kiarabu bila kusitasita, hata pale mnakili wa kale alipoacha irabu bila kuzitia alama. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 alipata barua kutoka maktaba moja ya Ulaya. Wataalamu walikuwa wakitayarisha chapa ya utendi ulionakiliwa Lamu katika karne ya 19, nao walimtaka akae nao wiki mbili, awasomee kwa sauti na kuwaamulia penye shaka. Nauli na malazi yangelipwa. Lililobaki kwake lilikuwa ni viza.

Si ajabu kwamba muswada huo uko mbali hivyo. Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo wa Athumani aliutunga Pate mwaka wa 1728, una nakala mashuhuri iliyohifadhiwa Hamburg. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyokusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yamo katika hati zilizoko London. Maandishi hayo yalitoka pwani kwa njia mbalimbali: mengine yalinunuliwa, mengine yalitolewa zawadi, mengine yalinakiliwa kwa ujira. Hayakujaziwa fomu, wala hayakuulizwa yatarudi lini. Sasa msomaji wao alitakiwa ayafuate, na sharti la kwanza alilowekewa ni kuthibitisha kuwa yeye hatafanya kama yalivyofanya.

Miadi yake iliangukia wiki ya mwisho ya Februari 2025, katika mwezi wa Shaaban, siku ambazo nyumba za Lamu hushughulika na matayarisho ya mfungo. Kaskazi ilikuwa imelegea. Kwa kawaida upepo huo huifanya hari ya miezi hiyo ivumilike. Ukikoma, mji hubaki na fukuto ambalo hata vivuli vya vichochoro haviwezi kulipunguza. Mwalimu aliondoka alfajiri kwa boti hadi gati la Mokowe, akifuatana na mjukuu wake aliyekuwa amemjazia fomu katika kompyuta. Hati zake zilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya koti la sufi ambalo bintiye alimshikilia avae, kwa kuwa alisikia kwamba ofisini hutazamwa mavazi.

Kutoka Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka hapo hadi Nairobi ni karibu 480. Basi lilipita Witu na Garsen huku madirisha yote yakiwa wazi, na hewa iliyoingia ilikuwa kama inayotoka mdomoni mwa tanuri la chokaa. Katika vizuizi vya barabarani abiria walishuka na vitambulisho mikononi, wakapanga mstari juani, wakatazamwa nyuso zao na picha zao, kisha wakapanda. Utaratibu huo watu wa Lamu wameuzoea tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka wa 2014. Mwalimu alishuka kila mara na koti lake. Katika kizuizi cha tatu mjukuu alimsihi.

"Babu, livue basi. Tutalivaa tukifika."

"Nikilivua litakunjika, na hati zimo ndani yake."

Redioni ilitangazwa kwamba Sudan Kusini imefunga shule zake kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai kwa joto mjini Juba. Abiria mmoja akasema kwamba dunia imeugua homa. Hakuna aliyemjibu. Mwaka uliotangulia, 2024, Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliutambua kuwa mwaka wa joto kali kupita yote tangu vipimo vianze kuwekwa, lakini ndani ya basi habari hiyo ilikuwa imekwisha kufika bila ya takwimu.

Walilala njiani katika basi la usiku, wakaivuka nyika ya Taru, ambayo misafara ya karne ya 19 iliiogopa kwa ukosefu wa maji. Mwalimu hakupata usingizi. Aliupitisha usiku akiusoma moyoni utendi aliokuwa akiuendea, beti baada ya beti, akitafuta mahali ambapo ulimi wake ungekwama. Yamkini hiyo ndiyo ilikuwa sehemu njema kuliko zote za safari yake, na ni sehemu ambayo hakuna fomu ingeweza kuiulizia.

Nairobi wakawasili asubuhi. Mji huo uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na watu wa pwani huutarajia baridi. Siku hiyo jua lake lilikuwa kali na kavu, likichoma bila kutoa jasho. Nje ya jengo la miadi kulikuwa na foleni ndefu isiyo na kivuli.

"Mzee wangu, saa yako bado," askari wa lango alisema kwa upole. "Na kijana abaki nje. Anayeingia ni mwombaji tu."

Alisimama saa moja na nusu. Mbele yake alikuwapo mama aliyekuwa akienda kumuuguza binti yake, na nyuma yake kijana aliyepata nafasi ya kusoma. Kila mmoja alikuwa ameshika mzigo wa karatasi zilizofanana: taarifa ya benki, mwaliko, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, tiketi ya kwenda na ya kurudi. Kila mmoja alikuwa na ada ya euro 90, takriban shilingi elfu 12, ambayo hairudishwi hata maombi yakikataliwa. Hapa inafaa kukumbuka kwamba tangu Januari 2024 mgeni wa kutoka Ulaya ajaye Kenya haombi tena viza. Huomba idhini ya kielektroniki akiwa ameketi nyumbani kwake, wala halazimiki kusafiri mji wa mbali ili kuombea ruhusa ya kusafiri.

Ndani, karani kijana alizipanga karatasi za Mwalimu kwa utaratibu, kisha akasita.

"Mzee, hapa panatakiwa ushahidi kwamba utarudi. Una barua ya mwajiri?"

"Sina mwajiri, mwanangu. Nasomesha chuoni."

"Hati ya kumiliki nyumba au shamba?"

"Nyumba ni wakfu wa babu yetu. Haiuzwi wala haigawiwi. Sisi tumo ndani yake mpaka mwisho."

Karani alitazama orodha yake. "Hapa hapana nafasi ya wakfu."

"Basi andika kwamba mke wangu na wazazi wangu wamezikwa kule. Nisiporudi, nani atanizika ubavuni mwao?"

Karani aliinamisha macho. Si yeye aliyeitunga orodha ile, wala si yeye ambaye angetoa uamuzi.

Mazungumzo haya mafupi yanastahili kutazamwa kwa jicho la uhakiki, maana ni mgongano wa tanzu mbili. Fomu inakitambua kifungo cha mtu na kwao kwa mali inayoweza kuuzwa na kwa mshahara unaoweza kukoma. Mwalimu alitoa vifungo viwili visivyoweza kufunguliwa, wakfu na kaburi, na vyote viwili havikuwa na mstari wa kuandikiwa. Mali ya wakfu ndiyo inayomfunga mtu zaidi na mahali, kwa kuwa hawezi kuigeuza fedha akaondoka nayo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haina hati yenye jina lake. Msomaji wa fomu hakuongopewa, ila alisoma kwa alfabeti ambayo haikuwa na herufi za kumwandika mtu huyu.

Kisha zikaja alama za vidole. Mtambo ulikataa. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vimesuguliwa na miaka ya kalamu ya mwanzi, kamba za mashua na chokaa ya kukarabatia nyumba, na jasho la koti lilikuwa limevilowesha. Karani akampa karatasi laini ajifute.

"Bonyeza tena, babu. Polepole."

Mara ya nne taa ikawaka kijani. Mkono ambao hati yake hutambuliwa Lamu nzima kwa mtazamo mmoja ulihitaji majaribio manne ili utambuliwe kuwa ni wa mwenyewe. Wasomaji wa historia ya Kenya watakumbuka kwamba alama za vidole si jambo geni nchini: kipande, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nacho kilikuwa na alama hizo. Kipande kilimzuia mtu asiondoke kazini. Viza hutaka hakikisho kwamba ataondoka ugenini. Vyote viwili vinamsoma mtu kwa ngozi ya kidole chake kabla ya kumsikiliza.

Jibu lilifika katikati ya Ramadhani. Pasipoti ilirudi na karatasi moja yenye orodha ya sababu na alama katika kisanduku kimoja: palikuwa na shaka kuhusu nia ya mwombaji ya kuondoka kabla ya muda wa viza kwisha. Njia ya kukata rufaa ilielezwa. Mwalimu aliisoma karatasi hiyo kama asomavyo kila maandishi, akaanzia mwisho. Mtunzi wa utendi, na mara nyingi mnakili wake pia, hujitaja katika beti za mwisho, akataja mji wake na tarehe, akamwomba msomaji amsahihishie alipokosea. Mwisho wa karatasi ile palikuwa na mhuri pasipo jina. Hakukasirika. Alisema tu kwamba mwandishi asiyejitaja hawezi kuombewa dua wala kusahihishwa, kisha akaiweka pamoja na karatasi nyingine.

Maktaba ilisikitika, ikamtumia picha za kurasa zote. Baada ya Idi mjukuu alizifungua katika kompyuta, naye Mwalimu akazisoma kwa sauti usiku baada ya usiku, sauti ikanaswa na kupelekwa. Kazi iliendelea vizuri, na yapo mambo mengi aliyowafumbulia. Lakini katika ubeti mmoja mdudu alikuwa ametoboa karatasi mahali pa herufi tatu. Yapo maneno mawili yanayoweza kukaa pale, na vina vyake vinakubali yote mawili. La kwanza lamfanya shujaa asamehe, la pili lamfanya alipize kisasi. Wino wa zamani huacha alama upande wa pili wa karatasi, na mtu akiuinua ukurasa mbele ya mwanga huweza kuuona mkia wa herufi iliyopotea. Picha haiinuliwi mbele ya mwanga. Katika chapa itakayotoka, mahali pa neno hilo patawekwa nukta tatu.