Baiskeli ya Baba Mkwe

Akina mama wenzangu, nyumba nyingi huku kwetu Ufipa zina baiskeli ya zamani iliyoegemezwa nyuma ya jiko, kuku wakilala juu yake. Wengi wetu tunaiona takataka tu. Napenda kuwashirikisha yale ambayo moja ya baiskeli hizo iliifanyia familia yetu hapa Sumbawanga.

Ni Raleigh ya inchi 28, iliyotoka Nottingham, Uingereza, yenye ile nembo ya kichwa cha ndege. Baba mkwe, aliyekuwa katekista, aliitumia kuzungukia vigango. Alipofariki ikaachwa iliwe na kutu.

Mwaka 2019 mume wangu alipatwa na kiharusi. Mungu alimnusuru, lakini mkono wa kuume ukabaki dhaifu. Kushindwa kufunga vifungo vya shati kulimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Akawa mkimya, na mkali kwa kijana wetu. Mazoezi ya vidole niliyomwelekeza aliyaita michezo ya watoto. Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu akaiulizia baiskeli ile. Kijana alitaka iuzwe. Baba yake akakataa katakata: "Wazee wa Kifipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo, wewe unakitupa?" Nikasema, "Basi, itengenezeni ninyi wawili."

Waliifungua yote. Habu ya mbele ilikuwa na gololi 10 kila upande. Waliziloweka kwenye mafuta ya taa, kisha baba akazipanga moja moja kwenye grisi kwa mkono uleule dhaifu. Mwanzoni zilimponyoka zote. Kijana aliziokota, akamrudishia bila kusema neno. Fremu waliisugua kwa msasa na kuipaka rangi nyeusi. Tairi, spoku na mnyororo tulinunua kidogo kidogo, kadiri fedha ilivyopatikana. Kazi ilichukua miezi minne, na katika miezi hiyo wawili hao walijifunza tena kuzungumza.

Mkijaribu kazi hii, angalieni mambo mawili. Msiweke mafuta ya taa kwenye chupa ya soda; mtoto atayanywa. Na mtu akichubuka, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kutu yenyewe haileti ugonjwa huo. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi.

Mkono haujarudi kama zamani, ila vifungo sasa anafunga mwenyewe. Jumapili kijana huendesha, baba hukaa kwenye keria, nami nawafuata kwa miguu.

Sanbalati aliwacheka Wayahudi wa Nehemia kwa kutaka kujenga kwa mawe yaliyoungua, lakini ukuta ulisimama. Mama, kabla hujaita mnunuzi wa vyuma chakavu, tazama kwanza nani nyumbani mwako anahitaji kazi ya mikono, na nani wa kumwokotea gololi.