Nyumba Inayopanda Ngamia

Ukivuka Mto Tana kuingia Garissa, Kenya, migomba ya kando ya maji inabaki nyuma na mbele ni vichaka vya miiba. Hapa mtu wa Unguja, aliyezoea kuta za mawe na chokaa, hukuta nyumba inayohama. Aqal ya wafugaji wa Kisomali hujengwa na wanawake. Hukunja fito mpaka zipinde, huzifunga kwa kamba, kisha huzivika mikeka. Malisho yakiisha nyumba hufunguliwa yote, na ngamia hubebeshwa mikeka na fito. Msumari hakuna. Mafundi wetu wa zamani walioshona majahazi ya mtepe kwa kamba za nazi wangeelewana upesi na akina mama hawa.

Maziwa nayo yana chombo chake, dhiil, kilichosukwa kwa nyuzi za mimea kikabana hata hakivuji. Kabla ya kukamua, hufukizwa kwa vijinga vya mti uliochaguliwa. Funda la kwanza la maziwa ya ngamia lilinikunja uso kwa ule moshi; la tatu nililiomba mwenyewe. Moshi wa kuni una fenoli, ambazo huwadhoofisha bakteria, ndiyo maana maziwa huchelewa kuharibika katika joto hili. Lakini moshi si dawa ya ugonjwa wa brusela, na mhadhiri mwema angelisema hilo mbele ya mama mwenye dhiil, wakabishane.

Mhadhiri hayuko mbali. Garissa ina chuo kikuu, kilichoanza 2011 kama chuo kishiriki cha Moi na kupata hati yake 2017. Na Kenya imeshaonja mabishano ya namna hii: kule Vihiga, wataalamu wa hali ya hewa waliketi na watabiri wa mvua wa ukoo wa Nganyi, wakatoa utabiri mmoja wa msimu. Kwetu Unguja, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Mwaka Kogwa, hupigwa picha kila Julai. Lakini ile hesabu ya siku ya mwaka huo, iliyowaongoza wakulima na mabaharia, sijamsikia mwanafunzi akitahiniwa juu yake.

Na maarifa haya yana wenyewe: sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka jamii iombwe ridhaa na ipate fungu lake. Basi fundi wa aqal akiitwa kuwafundisha wahandisi namna fito iliyopinda inavyoukabili upepo, jina lake litaandikwa kwenye orodha ya mishahara, au atapewa soda na nauli ya kurudi?