Simu Mpya Kila Mwaka, Kwani Nani Aliitisha?

Wasee, niseme ukweli kabla hamjanirushia mawe: hata mimi nimewahi kununua simu kwa presha.

Miaka miwili imepita. Nilikuwa na 42,000 kwa M-Pesa, pesa ya kuhariri video za watu usiku kwa usiku kwa miezi saba. Ilikuwa inatosha kulipa salio la karo nirudi kampasi, na mathe alijua hivyo. Lakini nikajidanganya: nikipata kamera fiti nitatengeneza kontenti, halafu kontenti inilipie karo. Nikaingia Luthuli, nikatoka na simu mpya.

Wiki tatu baadaye kampuni ikatangaza toleo jipya. Ile yangu ikashuka bei kwa karibu elfu saba, duka lile lile. Nilipompigia mathe kumweleza, hakunifokea. Aliuliza tu, "Sasa ile ingine ilikuwa imeharibika?"

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa na ufa kwa kona ya kioo, basi.

Kampasi sikurudi. Silaumu simu, maana uamuzi ulikuwa wangu. Lakini tangu siku hiyo naangalia hizi kampuni na jicho lingine. Apple hutoa iPhone mpya karibu kila Septemba. Samsung hutoa Galaxy S mwanzo wa mwaka. Tarehe ikifika lazima kitu kitoke, kuwe na jipya kusiwe na jipya. Na kama halijaiva, unauziwa ahadi. iPhone 16 ilikuja Septemba 2024 ikitangazwa kama simu ya Apple Intelligence. Walionunua siku ya kwanza hawakuikuta ndani. Sehemu ya kwanza ililetwa na apdeti ya mwisho wa Oktoba, na ile Siri yenye akili zaidi waliyokuwa wameahidi, kufikia Machi 2025 Apple yenyewe ikasema itachelewa. Ni kama ulipie chapati, upewe sahani, uambiwe unga bado unakandwa.

Halafu kuna vitu wanatoa na hakuna mtu alilalamika vipo. 2016, iPhone 7 ikaja bila tundu la hedifoni. Siku hiyo hiyo Apple ikatangaza AirPods. Umeona hesabu? 2020, iPhone 12 ikaja bila chaja kwa boksi, tukaambiwa ni kwa sababu ya mazingira. Januari 2021, Galaxy S21 nayo ikaacha chaja, ikaacha na nafasi ya memori kadi. Kwa mtu wa video kama mimi, memori kadi si mapambo. Bila hiyo unanunua simu yenye nafasi kubwa na bei kubwa, ama unalipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, na bando ni lako.

Sasa kuna beshte yangu anauza simu za mtumba, zile za ex-UK, na hapa tunabishana sana. Yeye husema, "Bro, hao watu wa majuu wasipobadilisha kila mwaka, wewe utapata wapi iPhone ya bei ya hapa?" Na ana pointi. Wengi wetu tunashika simu nzuri kwa sababu mtu mahali alichoka nayo mapema. Lakini ikifika huku, miaka yake ya apdeti imeshaliwa nusu na betri imechoka. Tunapokea mwisho wa simu, si mwanzo wake.

Na hapo ndipo inaniuma. Oktoba 2023 Google iliahidi miaka 7 ya apdeti kwa Pixel 8. Januari 2024 Samsung ikafuata na Galaxy S24. Poa sana, lakini hizo ni simu za bei kali. Nyingi za bei ya chini hazifikishi hata nusu ya hiyo miaka. Yaani anayeweza kubadilisha simu kila mwaka ndiye amepewa inayodumu, na anayelipa pole pole kila siku ndiye amepewa inayozeeka haraka. Kama wangekuwa wanatengeneza kwa ajili yetu, ingekuwa kinyume.

Si ati hawawezi kusikia. Tecno ilishika soko la Afrika na vitu rahisi: laini mbili, betri inayokaa, kamera inayojua ngozi nyeusi usiku. Na Apple iliyong'ang'ania chaja yake miaka yote, Ulaya ilipopitisha sheria 2022, iPhone 15 ikaja na USB-C mwaka uliofuata. Wanasikia pesa na wanasikia sheria. Sheria hatuandiki sisi, lakini pesa ni yetu.

Kwa hivyo siku hizi nikiingia dukani siulizi kamera ni megapikseli ngapi. Nauliza itapata apdeti mpaka mwaka gani, betri yake fundi anaweza kubadilisha, na kuna mahali pa memori kadi. Ile simu ya 42,000 bado ninayo. Nimeiwekea betri mpya, na haya yote nimeyaandikia hapo.

Na kila toleo jipya likitangazwa, vidole vikianza kuniwasha, najiuliza swali la mathe: kwani hii imeharibika?